Kigari cha Kupita Mchangani

Daktari alinikataza mambo mawili: kukimbiza mbuzi na kubeba mtoto mgongoni. La kwanza alilisema kwa mzaha, kwa sababu nilikuwa nimemweleza jinsi nilivyoanguka. Mbuzi wa jirani aliingia kwenye kunde zangu, nikamfuata na fimbo, mguu ukateleza kwenye ukingo wa shamba, na ninachokumbuka baada ya hapo ni dari ya hospitali na chuma ndani ya nyonga yangu. La pili hakulifanyia mzaha. Alisema nyonga hiyo itanibeba mpaka uzeeni nikiiheshimu, lakini haitabeba watu wawili.

Mwingine angemshukuru Mungu na kunyamaza. Mimi nilirudi nyumbani Mbumbuni nimenuna, kwa sababu huyo mtu wa pili alikuwa amenisubiri mlangoni akinyonya kidole. Ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Wakati huo alikuwa ametimiza mwaka na miezi kidogo, na alikuwa mzito kama gunia la mahindi mabichi. Binti yangu alikuwa ameniachia alipokwenda Nairobi kumalizia kozi yake ya uuguzi. Mume wake hufanya kazi Mombasa. Mtoto alikuwa wa kukaa kwangu mpaka mwisho wa mwaka, na jirani aliyekuwa amemlinda nikiwa hospitalini alinirudishia kwa haraka ambayo niliielewa vizuri sana.

Kutembea alikuwa ameanza, lakini kulikuwa kutembea kwa mlevi wa sikukuu. Hatua mbili tatu, halafu anakaa chini, anaokota kokoto, anaionja. Kutoka kwangu hadi kanisani kuna njia ya miguu ya kushuka, halafu mto wetu wa mchanga, usio na maji ila mvua ikinyesha, halafu kupanda tena. Zahanati iko ng'ambo hiyo hiyo. Soko liko ng'ambo hiyo hiyo. Kwa mwendo wa mjukuu wangu tungefika Pasaka.

Kabla sijapata hata nafasi ya kulizoea lile gongo la hospitali, simu ikalia. Alikuwa mama mkwe wa binti yangu, kutoka Matinyani.

"Mama, nimesikia ulivunjika. Pole sana. Sasa mimi nakuja kujichukua."

Kwa asiyejua mila zetu, maneno hayo ni ya kichaa. Kwetu Wakamba, msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Na akishapewa jina, si jina tu amepewa. Baba yake humwita "mwaitu," yaani mama yangu, na hamkaripii ovyo, kwa sababu mtu hamkaripii mama yake. Binti yangu naye hawezi kumwita mtoto kwa jina lile, kwa kuwa ni jina la mama mkwe na halitamkwi ovyo. Humwita kwa jina la utani. Mimi pia, kwa heshima hiyo hiyo, silitaji. Kwa hiyo mama wa Matinyani aliposema anakuja kujichukua, alisema jambo la kawaida kabisa. Yule mtoto aliyekuwa akila majivu jikoni kwangu alikuwa ni yeye.

"Unajichukua unaenda wapi?" nikamuuliza.

"Nakuja huku kwangu. Siwezi kaa kwa mtu mgonjwa nikamsumbua."

"Hujanisumbua hata siku moja. Unakula vizuri, unalala vizuri."

"Najua. Lakini kanisa niko naenda? Kliniki niko naenda? Ama nimefungiwa kwa nyumba kama kuku imelalia mayai?"

Hapo alinipata. Tangu nitoke hospitali mtoto hakuwa amevuka mto. Nilikuwa nimejiambia ni siku chache tu, nguvu zitarudi, lakini nguvu zilikuwa zikija kwa mwendo wa kinyonga. Nilikuwa bado na simu sikioni, na mtoto akaja akanishika goti la mguu mzima, akasema, "Susu." Neno hilo, yaani bibi, alikuwa amejifunza kwangu. Tangu mume wangu afariki, nyumba yangu ilikuwa na redio tu ya kuniamsha. Sasa ilikuwa na mtu anayeniita. Nilijua akienda Matinyani atarudi akiwa ananitazama kama mgeni, na nilijua pia kwamba binti yangu hangesema neno. Mbele ya mama mkwe wake, mdomo wa binti yangu hufungwa kwa kufuli.

"Nipe mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi," nikasema. "Njoo ujionee. Nitakupeleka kanisani na kukurudisha bila kukuweka mgongoni. Nikishindwa, ujichukue, na sitatia neno."

Alinirudia maneno yangu moja moja, Jumapili ya mwisho, bila mgongo. Kisha akasema, "Haya. Nitakuja."

Binti yangu ndiye aliyetaja kigari. Nilimpigia jioni ile nikimlilia, na akasema kwa ile sauti ya mtu aliyezoea Nairobi, "Mum, si ununue tu kigari ya kusukuma? Huku kila mtu ako nayo." Nilimwambia huko kwao kuna lami. Akasema kuna vyenye magurudumu matatu makubwa, ambavyo watu huvisukuma hata wakikimbia mazoezi. Sikuelewa kwa nini mtu akimbie na mtoto kama hafukuzwi, lakini neno "matatu" lilibaki kichwani.

Nilipowauliza wanawake wenzangu wa kanisani waliokuja kuniombea, walicheka mpaka chai ikamwagika. Kwetu kuna vitu vya kubebwa na kuna vitu vya kusukumwa. Mtoto hubebwa. Vinavyosukumwa ni mitungi ya maji, magunia, na mtu aliyelewa kwenye wilbaro akirudishwa kwa mke wake. Mmoja akanikumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba hata wagonjwa mahututi walikuwa wakishushwa barabarani kwa wilbaro. "Na huyo mtoto ni mama mkwe wa binti yako," akaongeza. "Utamsukuma mama mkwe wa mtu hadharani?" Nilimwambia kama ana mgongo wa kuniazima aulete. Hakuuleta.

Basi nikaenda Sultan Hamud. Dada yangu anaishi huko, na mitumba inayoshuka kutoka Mombasa husimama pale kabla ya kupanda Nairobi. Mtoto nilimwachia yule jirani, tena kwa kubembeleza. Badala yake nikachukua mfuko wa ndengu. Nilikuwa nimempima mtoto kwenye mizani ya duka la pembejeo, na nikajaza ndengu mpaka uzito ukalingana. Mtu hanunui punda bila kumpandisha mzigo.

Dada yangu alinipeleka kwa mama mmoja wa Kiislamu mwenye duka la vitu vya nyumbani karibu na reli. Ukoo wake ulitoka pwani zamani, lakini yeye amezaliwa papo hapo Sultan Hamud, na Kiswahili chake kilinifanya nione aibu kufungua mdomo. Vigari alikuwa navyo vingi, vimepangwa mbele ya duka kama wanafunzi wa darasa la kwanza. Akanikaribisha, akanipa kiti kwa ajili ya nyonga, akaniuliza ninahitaji cha namna gani.

"Ile inapita kwa mchanga," nikasema.

"Mchanga wa namna gani, mama? Mchanga wa barabarani?"

"Ya mto."

Alinitazama, kisha akautazama mfuko wa ndengu mapajani mwangu. Nadhani aliamua kwamba mimi ni mteja wa kuvumiliwa.

Cha kwanza kilikuwa kizuri kweli. Chekundu, cha kukunjika kama mwavuli, chepesi, magurudumu madogo ya plastiki mawili mawili kila pembe. Dada yangu akakipenda papo hapo. Nilifunga ndengu kwa mikanda, nikakitoa nje, nikakipeleka pale nyuma ya duka penye udongo laini. Hakikwenda hata urefu wa kitanda. Yale magurudumu yalizama, kigari kikasimama kama mbuzi aliyekataa sokoni, na ndengu zikainama mbele. Watu wawili waliokuwa wakisubiri gari kando ya barabara wakaanza kutazama.

Cha pili kilikuwa kipana, kizito, na kitanda chake cha kulaza mtoto mchanga. Mtoto wangu hakuwa wa kulazwa, na kukisukuma tu kwenye sakafu ya duka nyonga ilinong'ona. Nikakirudisha.

Cha tatu ndicho cha magurudumu matatu, na kwa mara ya kwanza niliona binti yangu hakuwa akinidanganya. Gurudumu moja mbele, mawili nyuma, makubwa, na tairi zenye hewa kama za baiskeli. Kilielea juu ya ule udongo. Nilikizungusha na ndengu zangu nikihisi kama nimepewa miguu mingine. Wale wa barabarani sasa walikuwa wamefika watano na mmoja akasema kwa sauti, "Nyanya anatembeza ndengu!" Nilimjibu kwamba zikilia nitamwita azibembeleze.

Nilikuwa nimeshaanza kutaja bei nilipoinama polepole na kuzitazama zile tairi tena. Nikamuuliza mwenye duka kama anajua miiba ya kwetu. Akasema miiba iko kila mahali. Nikamwambia hapana, ya kwetu ni miiba ya migunga, mirefu kama kidole, inapita kwenye soli ya ndara na kumsalimia mtu mfupani. Tairi hiyo ingefika mtoni ikiwa na hewa gani? Ningekuwa katikati ya mchanga, na gurudumu limelala, na mama mkwe wa binti yangu amesimama ukingoni akijitazama ndani ya kigari kibovu.

"Basi sitaki hii," nikasema. Dada yangu akashika kichwa.

Mwenye duka naye subira ilikuwa ikimwishia. "Mchagua jembe si mkulima, mama," akaniambia.

"Mwenye alisema hivyo alikuwa anauza majembe."

Alicheka, akacheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio wake. Baada ya hapo hakunichukulia tena kama mteja wa kuvumiliwa. Aliingia ndani kabisa ya duka, akasukuma masanduku, akatoka na kigari ambacho hakuwa amekipanga mbele kwa sababu ya sura yake. Kitambaa chake kilikuwa cha rangi ya kijani iliyochoka, na upande mmoja kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi. Magurudumu yalikuwa matatu, makubwa, lakini tairi zilikuwa raba nzima, bila hewa ndani. Niliikandamiza kwa kucha, nikaikandamiza kwa ufunguo. Mwiba ungevunjikia humo na gurudumu lingeendelea na safari.

Kilikuwa kizito kuliko kile cha hewa, na hakikuelea. Kilitembea. Mpini wake ulipanda na kushuka, nikauweka juu ili nisiiname. Mikanda ilipita mabegani na kiunoni na katikati ya miguu. Breki ilikuwa ya kukanyagwa. Mwenye duka akanionyesha na pini ndogo karibu na gurudumu la mbele. Ikitolewa, gurudumu huzunguka kila upande, zuri kwa dukani. Ikichomekwa, gurudumu hunyooka na kukataa kugeuka. "Kwenye mchanga likaze," akasema. "Likiachiwa litajichimbia."

Nilikisukuma nyuma ya duka na pini imekazwa. Kikaenda. Nikakirudisha, kikarudi. Nikakipeleka tena, si kwa sababu nilikuwa na shaka, ila kwa sababu nilikuwa nimekaa wiki nyingi bila kuwa na uwezo wa kupeleka kitu chochote mahali popote. Machozi yalinitoka mbele ya ndengu na watu watano. Tulipatana bei bila kelele nyingi, na akaniongezea kitambaa cha kumkinga mtoto na jua.

Nyumbani mjukuu wangu alikitazama kigari kama anavyomtazama daktari wa sindano. Nilipomketisha alijinyoosha kama ubao, akapiga mayowe yaliyowaleta majirani. Wakacheka tena. "Mwambieni mama mkwe aje aone anavyopenda gari yake," mmoja akasema. Nilingoja waondoke. Kisha nikachukua leso yangu ya zamani, ile niliyombebea kabla sijaanguka, iliyojaa harufu ya moshi na ya mgongo wangu, nikaitandika kwenye kiti na kuipitisha mabegani. Nikamketisha tena. Alinusa. Akanusa tena, akaingiza kidole mdomoni, halafu akapiga kiti kwa kisigino, kama mtu anayempiga punda aondoke.

Wiki zilizofuata tulifanya mazoezi kama wanariadha. Asubuhi tulishuka njia, tukageuka, tukapanda. Nyonga ililalamika halafu ikazoea. Hata daktari alipoiona alisema kutembea huku nimeshika mpini kulikuwa kunanisaidia kuliko gongo. Mahali pagumu palikuwa mtoni. Ukingo huu na ukingo ule mchanga ni mgumu, lakini katikati, penye mkondo, ng'ombe hupita kwenda kwenye visima na kuuchimbua mpaka unakuwa kama unga. Siku ya kwanza tulikwama hapo. Siku ya pili tulikwama. Nikagundua kwamba nikigeuka na kukivuta kinyumenyume, kinapita, lakini polepole, na kuvuta huko kulinibana nyonga mpaka nikauma meno. Baadhi ya siku nilifaulu. Siku nyingine nilisimama katikati ya mto nikingoja mpita njia anisaidie, na mpita njia hakuwa sehemu ya mapatano yetu.

Kwa hiyo mama wa Matinyani alipofika, Jumamosi ya kuamkia Jumapili yetu, sikuwa na hakika. Ni mwanamke mrefu, mnyoofu, anayetembea kama anayehesabu mimea shambani. Alikuja na kuku, maziwa ya gururu yaliyoganda vizuri ndani ya kibuyu, na leso mpya kabisa, iliyokunjwa. Niliiona ile leso na moyo ukanishuka. Mtu haji na leso mpya kama hajakusudia kubeba.

"Wakya, mwaitu," nikamsalimia.

"Aa. Umesimama! Mungu ni mwema."

Mtoto alimtazama kutoka nyuma ya sketi yangu. Mama yule akainama, kwa taratibu, mkono ukiwa ukutani, akasema naye kwa Kikamba maneno ambayo mtu humwambia wajina wake. Kisha akakizunguka kigari. Akagusa raba. Akatikisa mpini.

"Mimi ndio napanda hii?"

"Ndiyo wewe."

"Aiya," akasema. Chakula cha jioni tulikula tukiongea habari za mvua.

Jumapili tuliondoka mapema. Nilimfunga mtoto mikanda, nikakaza ile pini, na mama wa Matinyani akatangulia mbele yetu na ile leso mpya begani. Njia nzima alikwenda mbele hivyo hivyo, bila kugeuka. Kila mara alipiga kitu kwa kiatu: jiwe huku, tawi la miiba kule. Nilisema moyoni, ananionyesha miguu yake. Ananionyesha kwamba yeye anaweza kutembea na kupiga mawe wakati mimi ninahema nyuma ya mpini. Nilikasirika vizuri, na hasira hiyo ilinisukumia kigari mpaka ukingoni bila kusimama.

Mtoni ng'ombe walikuwa wamepita asubuhi ile. Mchanga wa katikati ulikuwa umechimbuliwa upya. Niliingia kwa kasi, nikifikiri kasi itanivusha, na kigari kikazama mpaka kwenye vyuma vya magurudumu ya nyuma. Nikageuka, nikavuta kinyumenyume. Kikasogea kidogo, kikakwama. Nikavuta tena na nyonga ikanichoma hivi kwamba niliona nyota mchana. Mtoto alifikiri ni mchezo, akacheka. Nikasimama pale katikati, jasho likinitiririka, na nikajua imekwisha. Ningevuta hata jioni. Nilikuwa nimeshindwa, na aliyenishinda alikuwa amesimama hatua chache nyuma ya mgongo wangu, upande wa kanisani, na leso begani.

Nilisikia mchanga ukikatika nyuma yangu. Alikuwa amerudi. Sikutaka kumtazama. Nilisubiri afungue ile mikanda ya mtoto ambebe. Badala yake akapita upande wa pili, akainama mbele ya kigari, akashika fremu karibu na lile gurudumu la mbele kwa mikono yote miwili.

"Vuta," akasema.

"Mama, tulipatana..."

"Vuta, mama! Watu wakuje watuone?"

Nilivuta, akainua, na kigari kikatoka kwenye ule unga kama jino. Tuliendelea hivyo, mimi nikivuta, yeye akiinua na kusukuma, mpaka ukingo wa pili, kwenye mchanga mgumu. Hapo akaachia, akakaa chini juu ya jiwe, ghafla, kwa namna ambayo mtu hukaa akiwa hana hiari. Alikuwa akihema kuliko mimi. Alijishika kiuno kwa mikono yote miwili, na uso wake ulikuwa umekunjamana kwa maumivu ambayo nilikuwa ninayajua vizuri, maana ni jirani yangu wa kila siku.

"Mgongo," nikasema.

"Tangu mwaka jana," akasema. "Sibebi hata kuni. Kijana yangu hajui. Usimwambie."

"Lakini ulisema unakuja kujichukua."

"Ningesema nini?" Aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu afike bila ile heshima ya wakwe, kama mwanamke mwenzangu tu. "Ni jina yangu. Nasikia uko hospitali, na mimi niko kwa nyumba. Nikinyamaza, watu wa Matinyani watasema nimejikataa. Mtu hawezi jikataa mwenyewe, mama. Nililazimika kuuliza."

"Na hiyo leso?"

"Ya kuonyesha."

Nilikaa chini kando yake, jambo ambalo nyonga yangu hailipendi, na sikujali nitainukaje. Zile wiki zote nilikuwa nikishindana na mwanamke aliyekuwa Matinyani anapiga magoti kando ya kitanda. Aliniambia hivyo mwenyewe. Alisema tangu asikie habari za kigari, kila usiku alikuwa akiomba hiyo kitu ipite mchanga, na njiani alikuwa akitoa mawe kwa mguu kwa sababu hangeweza kuinama kuyaokota. Nilianza kucheka. Akasema nisimcheke. Kisha akacheka yeye, huku akishika kiuno na kusema kinauma, acha, kinauma. Mtoto alituangalia kutoka kwenye kiti chake cha kijani, akaona mabibi wawili hawajiwezi, akapiga kisigino. Alitaka tuondoke.

Kuinuka kwetu kulikuwa kazi. Mmoja alishika mpini, mwingine akamshika aliyeshika mpini. Akaniomba asukume yeye, na nilipomwachia niliona jinsi alivyouegemea ule mpini, mabega yakalegea, hatua zikanyooka. Mimi nilichukua gongo langu, ambalo nilikuwa nimelifunga chini ya kiti. Tulipanda mlima hivyo.

Kanisani tulikuta wimbo wa kufungulia ibada umeshamalizika na watu wakageuka kututazama. Wale wale waliomwaga chai. Baada ya ibada walituzunguka chini ya kivuli cha ukuta, wakamsalimia mgeni kwa heshima, na mmoja, yule aliyenikumbusha habari za wilbaro, hakuweza kujizuia. Akauliza mgeni anaondoka na mtoto lini.

Nilishika pumzi. Yale ya mtoni yalikuwa yetu sisi wawili. Hapa palikuwa hadharani, na hapa ndipo ungejulikana uamuzi. Mama wa Matinyani hakuharakisha. Aliweka mkono wake kichwani mwa mtoto, akamtazama, kama anayemuuliza, na mtoto akamtazama yeye.

"Nimejiuliza kama nataka kwenda Matinyani," akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanaume. "Nimesema sitaki. Nakaa hapa kwa Susu yangu."

Nani angebishana naye juu ya nafsi yake? Nilitoa ile pumzi, nikahisi imetoka mbali sana, imetoka hospitali, na nikageuka upande ili wasinione, nikijifanya ninakagua breki.